Shemeji wa Likoni na faili lililokwama kwa mwenyeji

Mume ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Makorora. Mke ni mtu wa Likoni. Wote Wadigo, wana watoto wawili, na tangu waoane makazi yao yalikuwa Mombasa: mume fundi wa makochi, mke ana saluni ndogo karibu na kivuko, anasuka, anapaka hina, anasinga maharusi. Baba wa mume alipofariki, mama akabaki peke yake kwenye nyumba ya Makorora. Mume ndiye mtoto wa kiume pekee, ikaamuliwa wahamie Tanga. Kwa mume ilikuwa kurudi kwao. Kwa mke, kisheria, ilikuwa kuhamia nchi ya kigeni, ila hakuna hata mmoja katika familia aliyelitazama jambo hilo hivyo.

Na wangelitazamaje hivyo? Shangazi zake mke wako Duga Maforoni, upande wa Tanzania. Siku ya harusi yao watu wa Tanga walikodi mabasi. Mpaka wenyewe walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia pale mto Umba unapoingia baharini, ukawapasua Wadigo na Wasegeju katikati, na watu wakaendelea kuoana na kuzikana pande zote mbili kama vile haupo. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, kituo cha mpakani, ni kilomita 65 za lami. Mtu anakunywa chai Likoni, chakula cha mchana anakula Ngamiani, Tanga mjini. Ndiyo maana kesi za majirani hawa hunifikia zikiwa zimeshaharibika kidogo. Mchina au Mturuki anajua tangu nyumbani kwao kuwa yeye ni mgeni, hutafuta karatasi kabla hajafungua begi. Mdigo wa Likoni haimpiti akilini.

Mimi nina steshenari Ngamiani. Natoa fotokopi na picha za pasipoti, lakini siku hizi kinacholipa kodi ya fremu ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: RITA (vyeti vya kuzaliwa), NIDA (vitambulisho vya taifa), TIN (namba ya mlipakodi), leseni, uhamiaji. Si mwanasheria. Ninapofika mwisho wa ninachokijua humpeleka mtu kwa wakili. Wenye kisa hiki wameniruhusu nikisimulie bila majina, kwa sababu wanaofanana nao ni wengi.

Walihama Desemba, ili watoto waanze mwaka wa shule Januari. Hilo lilikuwa na akili, kwani kalenda za shule za nchi mbili hizi zinafunguka mwezi mmoja. Walifika Horohoro na lori moja la Kenta. Mke alikuwa na pasipoti, na hilo nalo lilikuwa zuri: kitambulisho cha Kenya kinamfikisha mtu Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haikikubali kama hati ya safari. Watoto walikuja na pasi za muda. Afisa akamuuliza mke, "Unakwenda kufanya nini?" Akajibu vilevile alivyojibu miaka yote akienda kuwasalimu wakwe: "Kutembea." Akagongewa muhuri wa mtembezi, miezi mitatu. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita, ila hakuomba, na hakuona sababu ya kuomba.

Dirisha la pili ni la forodha. Kenta ikafunguliwa: vitanda, magodoro, kabati la vyombo, friji, cherehani. Nyuma kabisa, vimefungwa kwa mashuka, viti viwili vya saluni, sinki la kuoshea nywele, draya tatu za kusimama na majora ya kitambaa aliyonunua kwa ajili ya mapazia ya saluni mpya. Sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inamsamehe kodi mtu anayehamisha makazi kwa nguo zake na vyombo alivyokuwa akivitumia nyumbani kule alikotoka. Bidhaa za biashara haizisamehi, na vitambaa vya jora imevitaja wazi kabisa kwamba havimo. Sasa mwanamke aliyetoka kusema anatembea alikuwa anaomba msamaha wa mtu anayehama. Mume akaingilia, akasema vyombo ni vyake, yeye ndiye anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Vya nyumbani vikapita. Vya saluni na majora vikawekwa kando, vikathaminiwa, wakalipa.

Sioni aliyekosea pale dirishani. Afisa wa uhamiaji aliandika alichoambiwa, wa forodha akatoza alichokiona. Kilichobaki ni muhuri usiolingana na maisha ya mwenye pasipoti, na muhuri wa namna hiyo hausumbui siku ile. Husumbua baadaye, siku mtu anapotaka kitu.

Walichotaka ni leseni ya saluni. Walikuja kwangu Januari, mume ameshika bahasha, mke ameshika funguo za fremu. Fremu walikuwa wameshaipata barabara za ndani za Ngamiani, kodi ya miezi sita imelipwa, na kilemba kwa mpangaji aliyetoka kimelipwa. Kioo kimeshapigwa ukutani. Leseni za Jiji huombwa kwenye mfumo wa TAUSI, na mfumo huo unataka kukujua wewe ni nani kabla hujaueleza unauza nini: namba ya NIDA, TIN.

"Weka yangu," akasema mume.

"Nitajie."

Akatoa kwenye bahasha kadi ya zamani ya mpiga kura.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuuliza habari za mke, kumbe mwenye tatizo la kwanza ni mwenyeji. NIDA walipopita mitaani kuandikisha, yeye alikuwa Mombasa. Laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipofungwa Januari 2020, yake ilikuwemo, akaona si neno, kwa kuwa alikuwa akitumia laini ya Kenya. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho: alizaliwa nyumbani mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa mkono wa mkunga, na shule wakati ule iliandikisha watoto bila kudai cheti. Alichokuwa nacho ni kadi ile, cheti cha kumaliza darasa la saba, na hati ya dharura ya safari iliyokwisha muda.

Kuna swali moja ambalo huwa naliuliza mapema, na naliuliza taratibu, mlango ukiwa umeegeshwa: "Huko Mombasa, hukuchukua kitambulisho cha Kenya?" Wapo wengi waliochukua, ili wapate kazi bila maneno, au akaunti ya benki. Wanaliona jambo dogo. Kwa sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayejichukulia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Angejibu ndiyo, ningefunga kompyuta na kumpeleka kwa wakili moja kwa moja. Akasema aliwahi kushawishiwa, akakataa. Mke akadakia: "Mimi ndiye niliyemshawishi." Tukacheka, kazi ikaanza.

Ilibidi ianzie kwake. Hati ambayo mke alihitaji inaitwa hati ya mtegemezi, na mtegemezi humtegemea mtu: ukiiomba kama mke wa raia, lazima yule raia awe na karatasi za uraia. Kama mume hayumo kwenye daftari la serikali, mke hana wa kumtegemea.

Cheti cha kuzaliwa kwa mtu mzima hupatikana RITA kwa usajili uliochelewa. Maombi huingizwa mtandaoni, na ushahidi unatakiwa: cheti cha shule, barua ya serikali ya mtaa, nyaraka za wazazi, kiapo. Mama mzazi yupo hai, na hilo lilisaidia kuliko karatasi yoyote. Likapita. Kisha fomu ya NIDA. Mikoa ya mpakani fomu hiyo haiendi kimyakimya, Uhamiaji hukuita wakuhoji kuhusu wazazi, na wazazi wa wazazi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ila mtu ambaye hajajiandaa anaweza kujimaliza kwa sentensi moja.

Siku tuliyokaa kujiandaa, mume akaniambia kwa fahari kabisa: "Babu yangu katoka Vanga." Vanga iko Kenya. Nikamwuliza babu alizaliwa huko? Ndiyo. Alivuka lini? Kabla ya uhuru, kufuata kazi ya mkonge. Bibi je? Hakuwa na uhakika. Ikabidi twende Makorora kumwuliza mama mtu. Alikuwa uani anachambua mchicha. Akatusikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, halafu akasema: "Mkwe wangu ndiye wa Vanga. Mavyaa yangu alikuwa mtu wa Tongoni, kazaliwa kule na kaburi lake liko kule."

Tongoni iko Tanga, na sentensi hiyo ndiyo iliyookoa faili. Tanganyika ilipopata uhuru, 9 Desemba 1961, waliozaliwa ndani ya nchi walikuwa raia moja kwa moja, isipokuwa wale ambao wazazi wao wote wawili walizaliwa nje. Mmoja akiwa wa humu, inatosha. Baba wa mume alizaliwa Tanganyika miaka ya hamsini, babake wa Vanga, mamake wa Tongoni. Kwa hiyo siku ile aliamka raia bila kujaza fomu yoyote, na mwanawe aliyezaliwa Tanga baada ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa. Ugumu ulikuwa kuthibitisha bibi alizaliwa wapi, na cheti cha mwanamke wa Tongoni wa enzi hizo hakipo. Kwenye sanduku la marehemu baba wa mume kikapatikana cheti cha kazi cha shamba la mkonge kilichotaja alikozaliwa yeye mwenyewe, na kadi yake ya CCM. Kwa upande wa bibi walikwenda wazee wawili wa Tongoni, wakaapa. Mahojiano yakapita. Baada ya kusubiri kwa muda, namba ikatoka, tarakimu 20, ikiwa imeanza na tarehe yake ya kuzaliwa. Alinifanya niichapishe kwa herufi kubwa.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Kila ninapomsikia mtu akitoa ushauri kuhusu kuhama, anamzungumzia anayehama tu. Kwa mwambao huu, nusu ya mafaili ya wake na waume wa kigeni hukwama kwa mwenyeji ambaye hajawahi kuulizwa yeye ni nani. Mtu wa Tanga anayefikiria kumleta mke kutoka ng'ambo ya mpaka aanze kwa kupekua sanduku la babake.

Wakati hayo yakiendelea, miezi mitatu ya mke ilikuwa inakwisha. Mtaani ushauri ni mmoja: nenda Horohoro, toka, ingia, gongewa upya. Ni njia ambayo wengi wameipita. Mimi sikuipenda kwa mtu mwenye watoto shuleni na fremu ya biashara, kwa sababu mtembezi wa namna hiyo hayupo, na afisa mwenye kompyuta mbele yake anaona kila muhuri. Ilitokea kwamba alikuwa na safari ya lazima, ya cheti cha ndoa.

Ndoa yao ilifungwa msikitini Likoni, mashahidi tele, na karatasi aliyoandika sheikh ipo. Lakini karatasi ya msikiti si cheti cha serikali. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, za Kiislamu zikiwemo. Wao waliona ndoa ni mbele ya Mungu na watu, wakaishia hapo. Tanzania inaitambua ndoa iliyofungwa nje kihalali, kwa hiyo hawakuhitaji kuoana upya, ingawa jamaa mmoja aliwashauri wafunge nyingine Tanga ili kufupisha mambo. Ningewaonya. Vyeti viwili vyenye tarehe mbili tofauti, na watoto waliozaliwa katikati ya tarehe hizo, vinazaa maswali ambayo hayakuwepo. Mke akarudi Mombasa, akaiandikisha ndoa yake, akaja na cheti. Safari hii alipoulizwa anakwenda kufanya nini alisema anaishi na mumewe na hati yake iko njiani, akaonyesha. Akaomba miezi sita, akapewa.

Sasa ile saluni.

Nilipowaeleza kuwa saluni imo kwenye orodha, mke alidhani natania. Mwisho wa Julai 2025 ilitoka amri chini ya sheria ya leseni za biashara, inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo huduma za kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya umeme, uongozaji watalii, uwakala wa forodha, udalali, kununua mazao shambani, viwanda vidogo, biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, na saluni, labda iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Adhabu kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake cha ukaazi kinaweza kufutwa. Kenya ililalamika, na ina hoja: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inazungumzia haki ya raia wa Jumuiya kuanzisha biashara nchi yoyote mwanachama. Wakubwa watajadiliana. Kwa mwenye fremu Ngamiani, ofisi anayokutana nayo inafuata amri.

Walikuwa wamelipa kodi na kilemba miezi mitano baada ya amri kutoka. Hakuna aliyewaambia, na wao hawakumwuliza mtu.

Basi mtaa mzima ukaja na jibu: weka jina la mume. Ni jibu la haraka na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Amri haikumsahau mwenyeji. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mume, ambaye jana hakuwa hata na namba ya NIDA, angeanza maisha yake ya kukaa na karatasi kwa kuazimisha jina. Na hata jina likiwa halali, mikono ni ya nani? Hati ya mtegemezi inakuruhusu kuishi na mume, haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Kusuka kichwa cha mteja kwa malipo ni kazi, iwe saluni ni ya mumeo, ya wifi yako au ya jirani.

Basi aajiriwe? Ajira ya mgeni inahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya mwaka 2015, kisha kibali cha ukaazi daraja B. Mwajiri hutakiwa kueleza kwa nini hakupata Mtanzania mwenye ujuzi huo. Bingwa gani wa maneno atamshawishi Kamishna kwamba Tanga hakuna mtu wa kusuka na kupaka hina? Mji huu unawasinga maharusi kabla baba zetu hawajazaliwa. Saluni ya hoteli ingewezekana kwenye karatasi. Hoteli mbili za upande wa Raskazone alizokwenda kuuliza hazikuwa na nafasi.

Akaniuliza akipaka hina kwenye harusi ya ndugu na watu wakamtuza, hiyo ni biashara? Sikumjibu.

Walichofanya mwishowe ni kuuza. Dada mkubwa wa mume alikuwa akitafuta biashara. Viti, sinki, draya na haki ya fremu vikaandikiwa mkataba wa mauziano, bei ya kweli, malipo kwa awamu, mashahidi wawili na wakili mmoja. Wifi akachukua leseni kwa namba yake na TIN yake, akaajiri wasichana wawili. Nilisisitiza awamu zilipwe kweli na risiti ziwekwe, kwa sababu mauziano ya mdomo tu, huku muuzaji bado anashika droo ya fedha, ni yale yale ya kuazima jina yakiwa yamevaa kanga mpya. Mke hashiki kichana pale. Hilo limemuuma kuliko faini yoyote ambayo angetozwa. Alinieleza alipita siku moja akaona msichana anachoma nywele za bibi harusi kwa pasi ya moto kupita kiasi, ikabidi avuke barabara aende zake.

Watoto, kwa bahati, ndio waliokuwa rahisi, ingawa wazazi walitaka kuwaombea hati za utegemezi pamoja na mama yao. Nikawazuia. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kwa baba ambaye ni raia kwa kuzaliwa ni raia wa Tanzania kwa kurithi, na vyeti vyao vya kuzaliwa vya Kenya vina jina la baba. Kwa Kenya nao ni raia kwa kuzaliwa kupitia mama yao. Utotoni wanaweza kuwa na vyote viwili. Wakifika miaka 18 Tanzania itawataka wachague. Kumwombea mtoto wako hati ya mgeni ni kuacha maandishi ofisini kwamba wewe mwenyewe ulimwona mgeni. Shule ya msingi ya serikali Makorora iliwapokea baada ya barua za ofisi ya elimu. Binti, aliyekuwa darasa la tano, hisabati alikuwa akiijua ila kaisomea Kiingereza, kwa wiki za mwanzo alikuwa anapata jibu sahihi na hajui swali limesema nini. Bibi yake akamkalisha jioni na daftari. Mdogo wake hakuona tofauti yoyote.

Kuna suala la kiwanja. Mke alihudumia wateja Likoni kwa miaka, ana akiba yake mwenyewe, na walikuwa wakitaka kununua kiwanja Pongwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia haki ya kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wake. Kwa hiyo fedha ni za mke, jina lingekuwa la mume. Nilimwambia mume mbele ya mkewe kwamba asiandikishe kabla hawajaweka maandishi ya nani katoa nini, na kwamba watoto, kwa kuwa ni raia, wanaweza kuandikwa. Mume alinuna kidogo, akaona namfundisha mkewe kutomwamini. Nimewaona wajane wangapi wa Kikenya wakirudi kwao na mabegi, ndugu wa marehemu wakisema kiwanja ni cha kaka yetu? Akinuna leo atasahau kesho. Kiwanja hawajanunua.

Njia inayobaki, inayofungua saluni, kiwanja na kila kitu kwa mpigo mmoja, ni uraia. Na hapa sheria ya Tanzania inampendelea mke kwa namna ambayo kama angekuwa mwanamume asingeipata. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia wakati wowote mume akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo, anapita njia ya kawaida yenye kudai miaka saba ya ukaazi pamoja na masharti mengine. Mimi naona si haki, na wanawake wengi wa Tanga waliozaa na Wakenya wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini kwa kisa hiki mlango uko wazi. Kiswahili, kwa mtu wa Likoni, si cha kuwaza.

Gharama yake ni pasipoti ya Kenya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili, Tanzania haimruhusu mtu mzima. Atatakiwa aukane wa Kenya. Mama yake Likoni aliposikia alilia kwenye simu, akauliza mwanangu umefanya kosa gani hata ukatwe. Kitu ambacho wengi hawakijui, na ambacho kilimtuliza kiasi, ni kwamba sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa aliyeacha uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kuomba kuurudisha. Kwa hiyo akikana leo, mlango wa Kenya haufungwi kwa kufuli. Nikamtahadharisha jambo moja la mpangilio: asikane chochote kabla Tanzania haijampa barua kuwa ombi lake limekubaliwa. Aliyekana kwanza na ombi likachelewa huwa si wa huku wala wa kule, na hapo hata Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, hapiti.

Hati ya mtegemezi imeshatoka. Fomu ya uraia tumeijaza nusu, iko kwenye kompyuta yangu. Mume angependa iende haraka. Mke anasubiri mama yake atulie, na mimi nimewaambia hakuna ubaya kungoja, kwa sababu kwa hati aliyonayo anaishi kihalali, awamu za wifi zinaingia kila mwezi, na ufundi wa makochi wa mume, ambao sasa una TIN na leseni, umeanza kupata wateja wa Chumbageni. Wakiamua, kinachokosekana ni picha mpya na saini yake.